Baba bado yuko hai, ekari kumi, watoto watano: tuuze, tugawane ama tuache?

Swali: "Mzee shikamoo. Baba yetu ana miaka 79, alipewa shamba la ekari 10 kwenye skimu ya makazi ya Lake Kenyatta hapo Mpeketoni, Lamu, miaka ya 70. Tuko watoto watano, wavulana watatu wasichana wawili. Kaka mkubwa yuko Mombasa, amepata mtu wa kununua ekari 4 za upande wa barabara na tayari kachukua arbuni. Baba hataki kuuza ila amechoka na kelele, mama anasema bora mgawane mapema mkae kwa amani. Kaka yetu wa mwisho ndiye yuko nyumbani, analima pamba na simsim na ndiye anaangalia wazee. Mimi nimeolewa Malindi na nimeambiwa wazi sina changu. Tuuze, tugawane ama tuache ilivyo?"

Marahaba mwanangu. Wacha nikujibu kwanza halafu nieleze. Msiuze saa hii, msikate shamba vipande vitano, na pia msiache ilivyo. Hiyo ya mwisho najua hukuitarajia, manake kuacha ilivyo inaonekana ndio njia ya amani, lakini kwa Lamu hasa ndio njia mbaya kuliko zote. Kinachotakiwa ni neno la baba yenu liandikwe akiwa hai na akili zake timamu, mama akiwa ameketi hapo hapo. Kazi yangu imekuwa ya ugani, kutembea mashamba ya Witu, Hongwe, Baharini na huko Mpeketoni, na nimekaa vikao vingi vya familia vinavyofanana na chenu, kwa hivyo mengine hapa chini ni sheria na mengine ni niliyoyaona kwa macho.

Tuanze na arbuni, hiyo ndio moto. Shamba liko kwa jina la nani? Kama ni la baba yenu basi kaka hana cha kuuza, hata akiwa kifungua mimba, hata akiwa ndiye alilipa karo zenu. Karatasi aliyoandikiana na mnunuzi haimfungi mzee ambaye hakutia sahihi. Na hata kama mzee angetia sahihi, shamba la kilimo Kenya haliuzwi mpaka bodi ya ardhi itoe kibali, ombi linatakiwa lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano, bila hivyo makubaliano yanakufa na mnunuzi anabaki kudai pesa zake kama deni la kawaida. Tena kama hapo ndipo nyumbani kwa wazee, sheria ya mali ya ndoa ya 2013 inataka mama naye akubali. Mama hajakubali, amesema mgawane, hayo ni mambo mawili tofauti.

Sasa sikiza hapa vizuri. Kuna watu husema "basi hakuna shida, bodi haijakaa, mauzo ni bure" halafu wanamwacha mnunuzi aje afyeke, apige waya, apande migomba miwili mitatu. Hapo mnajitafutia kesi. Mahakama zetu, hata ile ya Rufaa, zimeshawahi kumlinda mnunuzi ambaye alilipa na kuachiwa ardhi akakaa na kujenga, ijapokuwa kibali cha bodi hakikuwepo, kwa sababu si haki mtu ale pesa ya mwenzake, amwache ajenge, halafu amfukuze kwa kisingizio cha karatasi. Kwa hivyo wiki hii hii baba aandike barua, fupi tu, kwamba yeye ndiye mwenye shamba, hakuuza, hakumtuma mtu kuuza, na arbuni irudishwe na aliyeichukua. Nakala moja kwa mnunuzi, moja kwa chifu, moja mbaki nayo. Na asikanyage mtu na kamba ya kupimia. Kaka akisema pesa imeshatumika, hilo ni deni lake na mnunuzi, mnaweza kumsaidia kulipa kidogo kidogo kama ndugu na mimi ningewashauri mumsaidie, mara nyingi mtu anayekimbilia kuuza shamba la baba ana shida fulani hajawaambia. Muulizeni kwa upole. Lakini si kwa ekari.

Na huyo mnunuzi anakimbilia nini? Tangu LAPSSET, ule mradi mkubwa wa bandari ya Lamu na barabara zake, uzinduliwe Machi 2012 kila mwenye kipande karibu na barabara Lamu amepigiwa simu na broka. Gati ya kwanza ya bandari ilianza kazi Mei 2021, lami ya kutoka Garsen kupita Witu hadi Hindi nayo ikaja, safari ambayo zamani ulikuwa unalala njiani saa hii unaiamkia na kurudi. Hata serikali yenyewe mwaka 2014 ilitangaza kufuta hati za karibu ekari 500,000 ambazo makampuni 22 yalikuwa yamejipatia hapo Lamu, kwa hivyo hii njaa ya ardhi si hadithi ya vijiweni. Mtu anayetoa pesa leo bila kuona hati wala kuongea na mwenye shamba ana sababu zake za kuharakisha, na sababu hizo haziwahusu nyinyi. Ekari za mbele ndio roho ya shamba lenu. Mkiuza hizo 4, zile 6 za nyuma zinabaki kama chumba bila mlango, mtakuwa mnaomba njia ya kupitisha pamba yenu.

Haya, kwa nini nasema kuacha ilivyo ni hatari. Watu wengi wanajua sheria ya urithi, kwamba mtu akifa bila wasia watoto wote wanagawana sawa, wa kike kwa wa kiume, aliyeolewa na asiyeolewa. Ni kweli, ila sheria hiyo hiyo kifungu cha 32 na 33 ina orodha ya wilaya ambazo ardhi ya kilimo na mifugo iliachwa nje ya mgao huo, inafuata mila ya marehemu, na Lamu imo kwenye orodha pamoja na Tana River, Garissa, Wajir, Mandera, Isiolo, Marsabit, Samburu, Turkana, West Pokot, Narok na Kajiado. Wewe umeolewa Malindi, ungekuwa unadai shamba la huko Kilifi ungesimama na kifungu cha mgao sawa moja kwa moja. Kwa shamba la Mpeketoni mtu anaweza kusimama mbele ya hakimu akasema hapa ni mila, na mila yetu binti aliyeolewa hapati. Si kwamba atashinda, Katiba ya 2010 ibara ya 27 inakataza ubaguzi wa jinsia na ibara ya 2 inasema mila inayopingana na Katiba ni batili, na mahakimu wengi wanaegemea huko. Lakini utakuwa umeshaingia kesi, wakili, nauli, tarehe inaahirishwa, na nyinyi ndugu mmeshaacha kusalimiana msibani.

Hicho kifungu kinahusu mtu aliyekufa bila wasia. Akiacha wasia mambo yanafuata wasia. Umeona sasa kwa nini nakazania karatasi? Kwa familia ya Lamu wasia si jambo la matajiri, ndio kitu kinachowatoa kwenye huo mvutano wote.

Na wasia si kitu kigumu. Uandikwe kwa lugha anayoielewa mzee mwenyewe, asomewe wote, atie sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi wawili wanaomuona akitia, nao watie zao. Mashahidi wasiwe warithi wala mume au mke wa mrithi, hapo ndipo watu wanaharibu, wanaita mkwe kwa sababu yuko karibu, halafu fungu la mkewe linapata utata. Chukueni jirani, mwalimu, mzee wa kanisa. Kwa umri wa miaka 79 ningetaka pia apitie kwa daktari siku hiyo hiyo au ya kabla, apate cheti kwamba akili zake ni nzima, manake pingamizi la kwanza siku zote ni "mzee alikuwa hajielewi". Wote watano mtajwe kwa majina, hata yule ambaye baba anaona ameshampa kitu kingine, aandike "huyu nilimpa ploti mwaka fulani" badala ya kumruka, kwa sababu anayerukwa ana haki ya kwenda mahakamani kuomba afikiriwe. Wasia wa mdomo upo kisheria lakini unadumu miezi 3 tu, asipofariki ndani ya hiyo miezi umekwisha, na mashahidi wawili bado wanatakiwa. Kwa hivyo yale maneno "baba alisema siku ile ya harusi" sahauni.

Kama kuna Mwislamu anasoma hii, majirani zetu wa Witu na Amu na Mkunumbi, kwenu ni njia nyingine: mirathi ina mafungu yake, wasia haupiti theluthi na hauandikiwi mrithi ila wenzake wakiridhia, na mzazi anayetaka kumpa mtoto shamba akiwa hai anatoa hiba, yaani zawadi, na kukabidhi kweli kweli. Muoneni kadhi.

Sasa kugawana. Najua mama ana nia njema, lakini wacha nikueleze nilichokiona upande wa Hongwe. Familia ya watoto sita, ekari 10 kama zenu, karibu mraba, yaani kama mita 200 kwa 200. Mzee alikuwa hai, wakaita mpima ardhi wagawane kwa haki, na haki kwa kila mmoja ilikuwa ni kwamba kipande chake lazima kiguse barabara, hakuna aliyekubali kuwekwa nyuma. Basi shamba likachanwa mikanda sita kutoka barabarani hadi mwisho, kila mkanda upana kama mita 33 na urefu 200. Kwa karatasi inapendeza sana, wote sawa. Msimu wa kwanza wa mvua trekta ilipokuja kulima ikawa haiwezi kugeuka bila kuingia kwa jirani, na jirani ni ndugu ambaye ameshapanda. Mkorosho ukikomaa unataka kama mita 12 kila upande, kwa hivyo mkanda unaingia mistari miwili na wa tatu tayari matawi yako kwa mwenzako, na korosho zinazodondoka upande wa pili ni za nani? Walianza kuokotana usiku. Kisima cha zamani kikaangukia mkanda wa mmoja, akaweka kufuli. Mama yao mzazi akawa anavuka mipaka mitatu kwenda kuchota maji kwenye shamba alilolifyeka yeye mwenyewe na mumewe lilipokuwa msitu. Mikanda miwili ikauzwa haraka, na wanunuzi ni watu ambao hawajawahi kuja, magugu yao ndio yanawapa wengine panya na wadudu.

Hiyo ndio sababu hata bodi ya ardhi inaruhusiwa kukataa mgao ukionekana utapunguza mazao. Nyinyi ni watano, ekari mbili mbili. Ekari mbili za pamba na simsim kwa mvua hazilishi familia, wewe mwenyewe unajua bei ya pamba ilivyokuwa tangu soko liachiwe huru miaka ya 90, mwaka unacheka miaka miwili unanuna. Ekari 10 pamoja ndio zinampa mkulima nafasi ya kubadilisha, kipande hiki simsim, kile mahindi, huku mikorosho na maembe ya ngowe, kule pumziko la ardhi.

Kuna njia ya kati ambayo watu wengi hawaambiwi. Shamba linaweza kubaki hati moja lakini liandikwe kwa majina ya watoto wote kwa umiliki wa pamoja wenye mafungu, kila mmoja na sehemu yake inayojulikana, fungu lako ukifariki linaenda kwa wanao. Muwe macho, kuna aina nyingine ya umiliki wa pamoja ambapo anayekufa fungu lake linaingia kwa waliobaki hai na watoto wake hawapati kitu, hiyo kwa ndugu watano siipendi kabisa. Mwambieni wakili waziwazi mnataka yenye mafungu. Baba anaweza kuiandika hivyo ndani ya wasia: shamba lisikatwe, mafungu ni haya, fulani ndiye analima, wengine wanapata hiki, anayetaka kutoka auze fungu lake kwa ndugu kwanza kabla ya mtu wa nje. Trasti ya familia nayo sheria inaikubali siku hizi, ila kwa ekari 10 gharama zake naona ni kujichosha.

Hati ibaki kwa jina la baba mpaka siku yake. Hili nalisema kwa uchungu, nimeona wazee walioandikisha watoto wakiwa hai, kwa mapenzi, halafu wanaishi kama wageni, wanaomba ruhusa kukata mti waliopanda. Kama lazima atoe kitu mapema, ekari ya boma na kisima isiguswe wazazi wakiwa hai, wote wawili, baba akitangulia mama asihamishwe.

Sasa kaka yenu wa mwisho, manake swali lako limempitia haraka na mimi naona yeye ndiye katikati ya jambo lote. Nyinyi wanne mlitoka, wengine kwa kazi, wengine kwa ndoa, na najua wapo waliotoka Mpeketoni baada ya mashambulizi ya Juni 2014 na hakuna wa kuwalaumu kwa hilo. Yeye alibaki. Amelima, amepalilia, amelala nje akifukuza nyati. Na wifi yako, mke wake, huyo hayumo kwenye hesabu ya mtu yeyote lakini ndiye anampikia mama uji, anamuosha baba miguu, anampeleka hospitali kwa bodaboda. Mkigawa sawa kwa sawa bila kuangalia hilo mtakuwa mmewadhulumu watu wawili kwa jina la usawa. Kwa maoni yangu alichopanda ni chake, kama ile mikorosho michanga ni yeye aliyeipanda basi iandikwe hivyo, na apewe haki ya kulima shamba zima kwa miaka inayojulikana, si "kwa sasa tu", manake miche ya korosho ya kupandikizwa hata ile ya haraka inataka miaka kama mitatu kuanza kuzaa na kadhaa zaidi kulipa. Mtu asiyejua kama mwakani atafukuzwa hapandi mti, anapanda simsim ya miezi mitatu minne tu, na ardhi inachakaa. Halafu yeye atoe kitu kwa wengine kila mavuno, gunia, au sehemu ya pesa ya korosho, kiasi mkubaliane na kiandikwe, ili nyinyi mlio mbali muone shamba ni lenu pia na yeye asionekane amelimeza.

Na wewe, usiombe kwa sauti ya mgeni. Fungu lako lidai likiwa dogo au kubwa, hata kama mwishowe utasema mazao yake yaende kwa matunzo ya mama. Kuna tofauti kati ya kunyimwa na kutoa. Dada yako naye aje, msimsemee.

Ikitokea baba mwenyewe, kwa hiari yake, anataka kuuza kipande kidogo kwa matibabu, hapo sina neno, ni shamba lake. Auze yeye, si kupitia mtoto. Kipande cha nyuma au pembeni, njia ibaki. Kibali cha bodi kwanza, pesa ziingie benki kwa akaunti ya wazee wenyewe, isiwe simu ya mtu. Kodi ya faida ya mali ilipanda ikawa asilimia 15 tangu Januari 2023 lakini shamba la kilimo chini ya ekari 50 lililo nje ya manispaa au mji uliotangazwa limesamehewa, broka akiwaambia atoe asilimia fulani "ya kodi" muulizeni ni kodi gani.

Kikao kifanyike nyumbani, si Mombasa na si kwa simu. Asubuhi, mzee akiwa na nguvu, wazee kama nyie mnavyowajua jioni huchoka na kukubali chochote ili watu watawanyike. Mama aongee wa kwanza kabla ya watoto, aulizwe yeye anataka kulala wapi na kuzikwa wapi. Halafu baba. Kaka mkubwa apewe nafasi aeleze shida yake bila kukatizwa, halafu ndio arbuni izungumzwe. Awepo mtu mmoja wa nje anayeandika.

Kabla ya hapo fanya jambo moja ambalo halihitaji ruhusa ya kaka: mwombe baba namba ya shamba na nakala ya hati, nenda ofisi ya ardhi ya kaunti ufanye sachi, yaani uangaliziwe shamba limeandikwaje kwenye rejista. Mashamba ya skimu mengi yalitolewa kwa mkopo wa mfuko wa makazi, wako waliolipa wakapata hati safi, wako wenye barua ya kugawiwa tu mpaka leo, na wako wenye hati ambayo deni la zamani bado limeandikwa juu yake na hawajui. Hivyo vitatu kila kimoja kina njia yake, na nisingependa baba aandike wasia wa kitu ambacho bado kina jina la serikali ndani. Sachi ikitoka angalia sehemu ya vizuizi uone kama huyo mnunuzi ameshaweka zuio (caution), kisha niandikie ilivyosomeka neno kwa neno nikuelekeze barua ya kwanza iende wapi.